Ngome Isiyo na Ukuta

Mtu wa pwani akitajiwa ngome, fikira zake haziendi mbali. Wa Unguja huiona Ngome Kongwe iliyoelekea bahari pale Forodhani, ambayo Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 juu ya kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno. Wa Mombasa huiona Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ikiwa imekaa juu ya mwamba wa tumbawe kama mzee asiyetaka kuondoka barazani. Macho yao yamekulia chini ya kuta hizo. Watoto wamecheza kandokando yake, na washairi wamezitaja hata zikawa kama jamaa. Kwa hiyo ni wepesi kudhani kwamba maana ya ngome inajulikana: mawe yaliyopangwa, mizinga iliyotokeza vinywa, na lango linalofungwa usiku.

Lakini lipo swali ambalo mawe hayawezi kulijibu. Ni kipi katika ngome kinachostahili heshima? Je, ni ukuta wenyewe, au ni yule aliyeamuru ujengwe? Au ni hofu ya wale waliojibanza nyuma yake? Na ikiwa ni hofu, yawezekanaje kitu kilichozaliwa na hofu kikastahili heshima? Swali hili si la wanahistoria peke yao. Ni swali la maadili, kwa kuwa hakuna jamii isiyoogopa, na kila jamii huulizwa siku moja imefanya nini na hofu yake.

Siku hizi ngome hutembelewa. Zilizojengwa ili watu wasiingie, sasa zinauza tiketi ili waingie. Kusini mwa Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, uko mji wa Suwon, na ndani yake imesimama ngome iitwayo Hwaseong. Mtu aweza kuondoka Seoul asubuhi kwa treni, akatembea juu ya ukuta wake wenye urefu wa karibu kilomita 6, akapita malango yake manne makubwa, na akarejea kabla ya chakula cha usiku. Atarudi na picha nzuri. Asipouliza, hatajua kwamba ngome ile ilijengwa na mwana aliyekuwa na msiba moyoni. Mfalme Jeongjo aliijenga kati ya mwaka 1794 na 1796, karibu na kaburi alilomhamishia baba yake. Na baba huyo, mrithi wa ufalme, alikuwa amekufa mwaka 1762 baada ya kufungiwa ndani ya kasha la mchele kwa amri ya mfalme aliyemzaa. Kasha lile lilikuwa ngome ya namna yake, isiyo na lango.

Jambo jingine katika Hwaseong halionekani juu ya ukuta. Wajenzi wake walilipwa ujira, na kazi yao ikaandikwa katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1801: vipimo, michoro, gharama, hata majina ya mafundi. Katika karne ya 20 ngome iliharibika, na vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953 vikazidisha uharibifu. Katika miaka ya 1970 ilijengwa upya kwa kufuata kitabu kile, na mwaka 1997 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ukuta ulikuwa umeshindwa kukilinda kitabu, lakini kitabu kikaweza kuulinda ukuta. Mpenzi wa maandishi hapati habari njema kuliko hiyo mara nyingi.

Basi na apewe mgeni huyo wa siku moja safari ya pili, katika nchi ambayo haikuandikiwa kitabu cha namna ile. Aondoke Songea alfajiri, aelekee magharibi kwa barabara ya Mbinga, mwendo wa karibu kilomita 100, kisha avuke milima na kuteremka hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Hiyo ni nchi ya Wamatengo juu, na ya watu wa ziwa chini. Zamani yote ilikuwa wilaya moja ya Mbinga, na tangu mwaka 2012 ufuko umekuwa wilaya yake yenyewe, iitwayo Nyasa. Safari hiyo nayo hutimia kwa siku moja. Ila mgeni akiuliza iliko ngome, hataonyeshwa ukuta wala lango. Ataonyeshwa mlima.

Ataona miteremko mikali, mingine mikali kiasi kwamba mtu wa visiwani atashangaa vipi jembe lisimame juu yake. Na miteremko hiyo yote, kutoka juu hadi bondeni, imechorwa mashimo. Yamepangwa kwa safu, shimo ubavuni mwa shimo, kila moja likizungukwa na matuta manne yanayokutana pembeni. Kwa mbali utasema ni wavu wa jarife ulioanikwa mlimani. Hizo ndizo ngoro, ambazo Wamatengo wenyewe huziita ingolu. Mgeni atazipita akidhani ameona mashamba. Hakukosea, lakini hajaona yote. Ameipita ngome na asiitambue.

Katika karne ya 19 nchi hii ilikumbwa na mashambulizi. Wangoni waliingia Songea wakiwa na mpango wa vita ambao wenyeji hawakuwa nao: vikosi vilivyopangwa kwa marika, ngao kubwa, mikuki mifupi ya kuchomea, na desturi ya kuteka watu na kuwafanya kuwa wao. Katika zama hizo hizo misafara ya watumwa ilikuwa ikitoka upande wa ziwa kuelekea Kilwa, na msomaji wa pwani hana budi kukumbuka kwamba sehemu ya khofu ya watu wa bara ilitengenezwa na masoko ya pwani. Wamatengo walipanda milimani. Walijificha mapangoni na katika majabali ambako kikosi hakiwezi kupanga safu. Mlima ukawa ukuta wao.

Lakini mlima una aibu yake kama kila ngome: unalinda, haulishi. Watu waliokuwa wametawanyika katika nchi pana sasa walijazana katika miteremko michache. Ardhi ya mteremko ikilimwa ovyo, mvua ya kwanza huichukua ikaipeleka mtoni, na mwaka wa tatu hubaki jiwe tupu. Aliyekimbia mkuki angekufa kwa njaa huko huko alikokimbilia. Hapo ndipo watu walipolishikilia jembe kwa akili mpya. Huenda maarifa ya ngoro yana mizizi ya kale kuliko vita. Hata hivyo masimulizi ya Umatengo huyafungamanisha na miaka ile ya kubanwa milimani, na ni katika kubanwa huko ndipo yalipokuwa suala la kufa na kupona.

Namna yake ni hii. Mvua za masika zinapokaribia mwisho, kwenye mwezi wa Machi, wanaume hufyeka majani marefu ya shamba lililopumzishwa, wakayaacha yakauke. Kisha huyalaza chini kwa mistari inayokatizana, hata mteremko wote ukagawika vijumba vya mraba. Wanawake huingia baadaye. Huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani, na matuta yakaota pande nne, shimo likabaki kati. Juu ya matuta hupandwa maharage. Msimu unaofuata hupandwa mahindi juu ya matuta hayo hayo. Baadaye ardhi hupumzika, na ikirudiwa, shimo huchimbwa pale palipokuwa na makutano ya matuta ya zamani, hivi kwamba udongo huzunguka wala haulimwi mahali pamoja daima. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake, na udongo uliotaka kukimbia hunaswa humo. Mteremko ambao ungemwaga kila kitu bondeni hugeuka maelfu ya viganja vilivyokingwa.

Mashimo haya yamewastaajabisha wataalamu. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa kushirikiana na wenzao wa Japani, walikwenda Mbinga kuyachunguza, wakakuta kwamba miteremko iliyolimwa kwa vizazi bado ina rutuba na haijaporomoka. Walikwenda na vipimo kuchunguza kitu kilichobuniwa na watu wasiojulikana kwa jina. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza kati ya ngome ya Suwon na ngome ya Umatengo. Kule mafundi wameandikwa. Huku, mwanamke wa kwanza aliyefikiri kuufukia ukoka badala ya kuuchoma hana jina, wala kaburi linalojulikana. Kitabu chake ni mteremko, na huandikwa upya kila Machi kwa mikono ya wajukuu zake. Wasipouandika misimu michache, kitabu chote hufutika.

Hapa linarudi swali lile. Je, hofu yaweza kuzaa wema? Wako watakaojibu upesi kwamba ndiyo, na wakataja ngoro kuwa ushahidi. Jibu hilo ni tamu, na utamu wake ndio unaotia shaka. Kusema kwamba dhiki ilileta heri ni karibu na kuishukuru dhiki. Na aliyetekwa njiani asirudi hakutekwa ili mjukuu wa jirani yake apate maharage. Wema wa shamba haufuti ubaya wa uvamizi. Anayeyatazama mashimo yale akaona uzuri tu, amewanyang'anya wafu mara ya pili.

Upo mfano wa kupimia jambo hili, na hauko mbali na Mbinga. Kule Kalenga, karibu na Iringa, Mkwawa mtawala wa Wahehe naye aliogopa. Alikuwa na sababu. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wake walikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, na mtu mwenye busara alijua kwamba wangerudi. Kalenga ilizungushwa ukuta mrefu wa mawe na udongo, wenye kimo cha watu wawili. Ilikuwa kazi kubwa, ya kiongozi shujaa na watu waliomtii. Wajerumani waliporudi mwaka 1894 waliweka mizinga juu ya kilima, wakaupiga mji, na tarehe 30 Oktoba wakaingia ndani. Ukuta ulioleta matumaini ya miaka ulihimili siku chache.

Ila Mkwawa hakukamatwa. Alitoka, akaingia misituni, na kwa karibu miaka minne alipigana na kujificha katika nchi iliyojaa maadui zake. Serikali ya Wajerumani iliahidi rupia 5,000 kwa atakayemleta. Fedha hiyo ilikuwa utajiri mkubwa, na bado watu wake walimlisha na kunyamaza. Alikufa tarehe 19 Julai 1898 kwa mkono wake mwenyewe, akikataa kushikwa. Fuvu lake lilichukuliwa, likatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na halikurudishwa Uhehe hadi mwaka 1954. Leo liko katika makumbusho ya Kalenga, karibu na mahali ukuta uliposimama. Mgeni huenda kuuliza habari za ukuta. Angefaa aulize zaidi habari za wale walionyamaza. Jiwe lilimlinda Mkwawa kwa siku. Watu walimlinda kwa miaka, nao hawakuwa na kimo cha kutishia mzinga.

Historia ya pwani ina ushahidi kama huo. Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ukuta wake, uliobuniwa na fundi hodari kutoka Italia, haukubomolewa. Maradhi na njaa viliingia bila kubisha hodi, vikawamaliza waliokuwemo, na mwishowe adui aliingia ngome iliyokuwa karibu tupu. Ukuta ulifanya kazi yake yote, na haukumwokoa mtu. Inawezekana, basi, ngome ikasimama na iliyokusudiwa kulindwa ikaanguka.

Kutokana na mifano hii jibu lenye uangalifu zaidi linaweza kutolewa. Hofu yenyewe haizai wema wala ubaya. Hofu huzaa haja. Kinachozaa wema au ubaya ni jinsi mtu anavyoijibu haja ile, na hasa ni nani anawahesabu katika jibu lake. Anayejihesabu peke yake atajenga kasha. Anayehesabu ufalme atajenga ukuta. Anayehesabu watoto, na wajukuu, na hata udongo utakaowalisha baada yeye kuondoka, huyo atachimba ngoro. Wote watatu wameogopa sawasawa, ila matunda ya hofu zao hayafanani.

Ndiyo maana mizani ya ngome haifai kuwa urefu wa ukuta wake. Yafaa ipimwe kwa maswali mawili. La kwanza: waliokuwa ndani walikuwa nani, na nani aliachwa nje lango likifungwa? La pili: adui alipoondoka, kilibaki nini? Ukuta ambao adui wake ameondoka hauna kazi tena isipokuwa kutazamwa. Ngoro zilipoondokewa na adui ziliendelea kulisha, na zinalisha hata leo, pamoja na mibuni iliyokuja baadaye na kuifanya Mbinga ijulikane kwa kahawa.

Swali la kwanza, la nani yuko ndani, Wamatengo walikuwa na njia yao ya kulijibu. Waliiita sengu. Jioni ndugu wa ukoo walikusanyika mahali pamoja. Chakula kililetwa kutoka majiko mbalimbali, kikaliwa kwa pamoja, na baada ya kula mambo ya ukoo yakazungumzwa, ugomvi ukaamuliwa, na vijana wakafunzwa. Kwa mtu wa pwani si vigumu kuelewa. Ni baraza na sinia moja kwa wakati mmoja. Katika mlima uliojaa watu waliokimbia, kula kwa faragha kungekuwa mwanzo wa kifo, kwani mwenye kidogo angejua kwamba mwenzake anacho. Mahali hapo pa kula ndipo palipokuwa lango la ngome ile, na lango hilo lilifunguliwa jioni, saa ambayo malango mengine hufungwa.

Mgeni akiendelea na safari, barabara itamteremsha. Hewa itaanza kuwa nzito na ya joto, na ghafla ziwa litajitandaza chini, kubwa hata ng'ambo yake huwa haionekani siku za ukungu. Kaskazini ya Mbamba Bay, akifuata ufuko, atafika Liuli. Hapo majini, karibu na nchi, limekaa jiwe kubwa ambalo Wajerumani waliliona likifanana na ile sanamu ya Misri yenye kiwiliwili cha simba na kichwa cha mtu, wakaiita bandari Sphinxhafen. Ni jiwe tu, halikujengwa na mtu. Lakini mbele yake ulijengwa ukuta mmoja ambao haukuhitaji hata tofali.

Kabla ya mwaka 1914 meli mbili za serikali zilisafiri katika ziwa hili: ya Waingereza iliitwa Guendolen, na ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Manahodha wao, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki. Wakikutana bandarini walikaa pamoja na kunywa pamoja. Mwezi Agosti mwaka huo Rhoades alipata amri kwamba vita vimeanza Ulaya. Alikwenda Sphinxhafen, akaikuta meli ya mwenzake imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa, akaifyatulia mzinga. Husimuliwa kwamba Berndt alimwendea kwa mashua akifoka, akidhani rafiki yake amelewa au amepata wazimu, kwani habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Alichukuliwa mateka.

Watu husimulia kisa hiki kwa kicheko, na kweli kina kichekesho ndani yake. Lakini kimebeba fundisho zito kuhusu kuta. Ukuta wa jiwe huonekana, na anayeukaribia hujua kwamba amefika mpaka. Ukuta wa karatasi husimama mahali ambapo jana palikuwa na meza ya watu wawili, na mmoja wao hajui. Tangu siku hiyo watu wa ufuko, ambao walivua samaki katika maji mamoja na kuoana ng'ambo hii na ile, walijikuta wamegawanywa kuwa maadui kwa jambo lililoamuliwa na watu ambao hawakuwahi kulionja ziwa hilo. Waliolijenga lile jiwe la Liuli, kama lingekuwa na wajenzi, wasingeweza kutenganisha watu kiasi hicho.

Lililo gumu zaidi limebaki Songea, mahali mgeni alipoanzia, na huenda asubuhi alilipita akiwa na haraka. Wangoni waliowapandisha Wamatengo milimani hawakuzaliwa wavamizi. Mababu zao walikuwa wakimbizi kutoka kusini ya Afrika, waliosukumwa na misukosuko ya zama za Shaka. Zwangendaba aliwavusha Mto Zambezi mwaka 1835. Baada ya kufa kwake huko Ufipa watu wake waligawanyika, na baadhi ya waliobaki wakaishia Songea. Aliyekimbizwa akawa mkimbizaji. Na kizazi kimoja tu baadaye mambo yaligeuka tena. Katika Vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907, Wangoni waliungana na makabila mengine dhidi ya Wajerumani, wakiyaamini yale maji kwamba yatageuza risasi. Maji yale nayo yalikuwa ngome, ya imani, na hayakuhimili bunduki. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya viongozi na wapiganaji wao walinyongwa Songea, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, naye alinyongwa. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi.

Kwa hiyo mtu wa Mlimani aliyekuwa na kinyongo angeweza kusema wakati ule: wamelipwa. Ingekuwa ni haki ya hesabu, na isingekuwa haki ya utu. Katika Makumbusho ya Majimaji, Songea, mashujaa wale hukumbukwa kila mwaka mwezi wa Februari, na wanaofika si Wangoni peke yao. Hapo ndipo ngome hupata mtihani wake wa mwisho. Aliyewahi kujificha, je, anaweza kumhurumia aliyemfanya ajifiche, siku anapomwona naye hana pa kujificha? Ukuta hauwezi kufundisha hilo, kwa sababu ukuta unajua pande mbili tu. Sinia la jioni laweza kulifundisha, kwa sababu mduara wa walaji huweza kupanuliwa kila akija mwingine.

Katika ushairi wa pwani kutazama mabaki ya kale hakukuwa utalii. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoyazingatia majumba ya Pate yaliyokwisha, katika Al-Inkishafi, hakuhesabu mawe. Aliukalisha moyo wake mbele yake na kuuhoji. Hiyo ndiyo adabu inayomfaa mgeni wa siku moja, awe Suwon, Mombasa au Umatengo. Siku moja ni fupi kwa macho, ila haimzuii mtu kuuliza. Mwenye kuuliza nani alichimba, nani alikula, nani aliachwa nje, ameshaingia ndani ya ngome hata kama hakukuta lango.

Jua linapoelekea kuzama upande wa ng'ambo, ziwa hugeuka rangi ya shaba na milima nyuma ya Mbamba Bay hubaki na mwanga kidogo juu. Ukiwa ni msimu wake, huko juu wanawake wanashuka kutoka miteremkoni na majembe begani, matuta ya leo yakiwa yameongezeka safu mbili au tatu. Hawasemi kwamba wanatengeneza ngome, na hawana wa kumwogopa mlimani tena. Wanachimba kwa sababu mvua itakuja, na watoto watataka kula. Hofu iliyowafundisha bibi zao imekwisha kuondoka, kazi imebaki.